Ukabaila: Ulaya ni mbali, Pangani ni karibu

Kila mwaka, katika shule za sekondari za nchi hii, mwalimu wa historia husimama mbele ya wanafunzi na kuchora ubaoni umbo la pembetatu. Kileleni huandika mfalme. Chini yake huandika makabaila na maaskofu, na chini ya hao askari wapanda farasi. Katika kitako kipana cha umbo hilo huandika watwana, yaani wakulima waliofungwa katika ardhi isiyokuwa yao. Wanafunzi hunakili, hukariri, hujibu mtihani, kisha husahau. Wengi huondoka na imani kwamba ukabaila ulikuwa maradhi ya Wazungu wa kale, yaliyokufa pamoja na ngome zao za mawe, na kwamba haumhusu mtoto wa Pangani, wa Muheza wala wa Korogwe.

Imani hiyo si sahihi, na madhara yake ni makubwa. Mtu anayeutambua ukabaila kwa ngome, taji na farasi peke yake hawezi kuutambua utakapomjia amevaa suti, au ameshika faili. Ukabaila hautambuliwi kwa mavazi ya bwana. Hutambuliwa kwa maswali mawili: ni nani mwenye ufunguo wa ardhi, na yule anayeilima ana mahali pengine pa kwenda? Pwani ya kaskazini ya Tanzania imeyajibu maswali hayo kwa namna tofauti katika muda wa miaka mia mbili. Majibu yake yanastahili kujulikana na kila mwalimu, na zaidi na kila mtumishi wa umma ambaye mikononi mwake hupita hati, ramani na mihuri ya ardhi.

MABWANA NA WATWANA

Hapana budi kwanza kueleza jambo lenyewe lilivyokuwa huko lilikotoka. Katika Ulaya ya Magharibi, tangu karne ya 9 hivi hadi karne ya 14, ardhi ilikuwa ndiyo mali, ndiyo mshahara na ndiyo nguvu. Mfalme hakuwa na hazina ya kumlipa mtumishi wake kila mwezi, kwa hiyo alimpa ardhi. Mtumishi huyo naye aliikata ardhi hiyo mapande akawapa askari wake, kwa ahadi kwamba watapigana atakapowaita.

Chini kabisa alikuwapo mtwana. Huyu hakuwa mtumwa wa kuuzwa mnadani. Alikuwa na kibanda chake, mke wake na konde lake. Lakini siku mbili au tatu za kila juma alilima shamba la bwana bila ujira. Nafaka yake aliisaga katika kinu cha bwana, na bwana akachukua fungu lake katika kila kipimo. Alipotaka kumwoza binti yake alilipa. Alipokufa, bwana alichukua mnyama aliye bora katika zizi lake. Na jambo lililo kubwa kuliko hayo yote ni kwamba hakuruhusiwa kuondoka. Ardhi ilipobadili bwana, mtwana alikwenda pamoja na ardhi, kama uendavyo mti.

Unyonyaji huo haukuachwa uchi, ulivishwa maelezo. Katika karne ya 11, maaskofu wa kaskazini ya Ufaransa walifundisha kwamba Mungu amewagawa wanadamu mafungu matatu: wanaosali, wanaopigana na wanaofanya kazi, na kwamba kila fungu linayatumikia mengine. Maelezo hayo yalipendeza masikioni. Ila fungu la tatu ndilo lililoyalisha mawili ya kwanza, nalo halikuulizwa kama limeridhika.

VUGA NA MAELEZO YAKE

Je, katika pwani ya kaskazini na milima yake palikuwa na mambo ya namna hiyo? Palikuwa nayo, kwa sura yake yenyewe.

Katika Usambara, Wakilindi walitawala kutoka Vuga, wakihesabu nasaba yao hadi kwa Mbegha aliyekuwa mwindaji. Mtawala wao aliyepata nguvu kubwa kabisa, Kimweri ye Nyumbai, aliwaweka wanawe kuwa watawala wa wilaya mbalimbali, na wananchi walipeleka kodi ya mifugo na vyakula na kutoa kazi ya mikono yao. Hapo nako palikuwa na maelezo. Wasambaa waliamini kwamba mtawala mwenye nguvu zilizokamilika huileta mvua na kuiponya nchi, jambo waliloliita kuzifya shi. Na kwamba watawala wakishindana, nchi huharibika, jambo waliloliita kubana shi. Kodi ilikuwa malipo ya uponyaji huo.

Lakini haifai kuficha tofauti. Msambaa hakuwa mtwana. Migomba yake ilikuwa ya ukoo wake, na mlima ulikuwa mpana. Mtawala aliyezidisha ukali aliweza kuamka asubuhi akakuta watu wake wamehamia kwa mwenziwe. Jambo hilo ndilo lililomzuia asiwe bwana kamili.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na mambo yakabadilika. Wakubwa wa ukoo wakagombana. Mmoja wao, Semboja, alikaa Mazinde chini ya mlima, mahali palipopita misafara ya biashara, akapata bunduki. Watu waliokuwa wakilipa kodi ili waponywe wakaanza kukamatwa na kuuzwa. Hapo maelezo yakapasuka. Wabondei wakawaasi Wakilindi, wakakataa utawala wao. Hili ni funzo la kwanza: wananchi huvumilia mzigo mzito maadamu wanaona faida yake, siku mtawala anapowafanya wao wenyewe kuwa bidhaa, mkataba umevunjika.

KIKOGWE, MAHALI PALIPOANDIKWA MARA MBILI

Chini ya mlima, katika bonde la mto Pangani, mambo yalikuwa makali zaidi. Katika karne ya 19, Waarabu na baadhi ya wakubwa wa pwani walianzisha mashamba ya miwa kando ya mto, wakajenga vinu, na sukari yao ikasafirishwa kwa majahazi. Kazi yote ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka bara.

Katika sehemu nyingi za pwani palikuwa na desturi kwamba mtumwa wa shamba hupewa konde lake, akafanya kazi ya bwana siku tano na kujilimia mwenyewe Alhamisi na Ijumaa. Mtu aliyesoma habari za mtwana wa Ulaya ataitambua desturi hiyo mara moja, maana nayo iligawa juma kati ya shamba la bwana na konde la mnyonge. Lakini muwa haungoji Alhamisi ipite. Ukikatwa lazima ushindiliwe kinuni upesi, la sivyo maji yake huharibika. Kadiri bei ya sukari ilivyowatia tamaa wenye mashamba, ndivyo siku za mtumwa zilivyozidi kumezwa na kinu.

Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi. Wakatoroka, wakajenga maskani yao wenyewe mahali panapoitwa Kikogwe, karibu na mji wa Pangani. Watu ambao jana hawakuwa na ruhusa ya kumiliki hata jembe wakawa na kijiji chao. Msomaji na alishike jina hilo la Kikogwe, kwa sababu litarudi.

Katika habari hii mwalimu hana budi kuwa mkweli kwa wanafunzi wake. Abushiri bin Salim, aliyeongoza mapambano dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, anastahili heshima yake kwa kuukataa utawala wa kigeni. Lakini Abushiri huyohuyo alikuwa mwenye shamba la miwa, na shamba lake lililimwa na watumwa. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja. Mwanafunzi akifundishwa la kwanza tu, ataamini kwamba kumfukuza mgeni ni sawasawa na kumkomboa mkulima. Historia ya pwani haisemi hivyo.

SHERIA ILIPOKUWA KAMBA

Wajerumani walipokwisha kuvunja upinzani walitaka mashamba makubwa. Mwaka 1893 mtaalamu wao wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Na miche hiyo ilipandwa wapi? Ilipandwa Kikogwe. Miaka 20 baada ya watumwa kupafanya mahali pa uhuru wao, Kikogwe pakawa chimbuko la zao ambalo lingewafunga watu wengine maelfu kwa maelfu.

Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Maana yake ilikuwa kwamba msitu wa matambiko, malisho na konde lililopumzishwa viliweza kuitwa ardhi tupu na kupewa mlowezi. Hata hivyo walowezi waliona jambo moja limewashinda. Walikuwa na ardhi, lakini hawakuwa na watu. Msambaa alikuwa na migomba yake. Kwa nini aiache akavune kahawa ya mgeni kwa ujira wa kuchekesha?

Jibu la serikali lilikuwa kipande. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimisha kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne. Aliyeshindwa kuionyesha kadi yake imejaa alipelekwa kwenye kazi za serikali.

Hapa ndipo habari za Ulaya zinapomsaidia mwananchi wa Tanga kuelewa yaliyompata babu yake. Mwaka 1348 tauni iliingia Uingereza na kuua sehemu kubwa sana ya watu. Vibarua wakawa haba, na wale waliosalia wakadai ujira bora au wakaondoka. Mabwana walifanya nini? Mwaka 1351 walitunga sheria ya kuzuia ujira usipande na kumzuia mkulima asihame. Mwaka 1381 wakulima wakaasi, wakaingia London. Kati ya sheria ile na kipande cha Lushoto ni zaidi ya miaka 550, na watunzi wake hawakufanana kwa lugha wala kwa nyakati. Lakini akili iliyowaongoza ni moja: mnyonge anapokuwa na njia ya kukataa, mwenye nguvu huiziba njia hiyo kwa sheria.

Kutokana na hayo inapatikana kanuni ambayo mwalimu anaweza kuiandika ubaoni chini ya ile pembetatu yake. Penye ardhi tele na watu haba, mtu hufungwa mwili: kwa mnyororo, kwa kipande, kwa askari. Penye ardhi haba na watu tele, kamba haihitajiki tena. Ardhi yenyewe humfunga.

MANAMBA

Waingereza walipochukua nchi waliufuta utumwa kisheria mwaka 1922. Jina likafutika; mashamba yakabaki, nayo yakaenea kutoka Pangani na Muheza hadi Korogwe na kuelekea Same. Kwa kuwa wenyeji bado walikuwa na makonde yao na hawakupenda mkonge, watu waliandikishwa mbali: Kigoma, Ubena, Burundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao maalumu ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na lugha ya Kiswahili ikapata neno manamba. Kipande nacho kikabaki katika sura mpya: kadi ya kazi 30 zilizotakiwa kumalizwa katika siku 42. Lugha huhifadhi mambo ambayo vitabu huyasahau. Mwanafunzi anayetumia neno kibarua leo hajui kwamba zamani kilikuwa kibarua kweli, yaani barua ndogo, cheti cha mtu wa kukodishwa kwa siku.

Manamba hakuwa mtumwa. Alilipwa, na mkataba ulipokwisha aliweza kurudi kwao. Lakini nyumba aliyolala ilikuwa ya shamba, kambi ilikuwa ya shamba, na njia ya kutoka kambini ilipita katikati ya shamba. Aliyepoteza kazi alipoteza na mahali pa kulaza watoto wake. Huko ndiko kufungwa bila kamba.

Pamoja na hayo wafanyakazi hawakunyamaza. Mwaka 1958, katika shamba la mkonge la Mazinde, waligoma kwa sababu ya kutaka chama chao cha wafanyakazi kitambuliwe, nao wakasaidiwa kwa michango ya wafanyakazi wenzao wa Tanganyika. Mazinde ni pale pale alipokaa Semboja na bunduki zake. Mahali ambapo baba zao waliuzwa kama bidhaa, wana walisimama wakadai kuhesabiwa kuwa watu.

KILICHOVUNJWA

Mwaka huohuo wa 1958 serikali ya kikoloni ilipendekeza kwamba Waafrika waruhusiwe kumiliki ardhi moja kwa moja na kuiuza wapendavyo. Wengi waliona ni heshima. Mwalimu Nyerere alipinga, katika maandishi aliyoyaita Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka na mkulima yeyote: ardhi ikifanywa bidhaa, wachache wenye fedha watainunua, na baada ya muda Waafrika watagawanyika kuwa wenye ardhi na wapangaji. Kwa maneno mengine, aliwaonya wananchi kwamba ukabaila unaweza kuingia kwa mlango wa sheria njema na kwa kalamu ya Mwafrika mwenyewe.

Uhuru ulipopatikana mambo mengi yalivunjwa kwa haraka. Mwaka 1963 utawala wa machifu uliondolewa, na ardhi iliyomilikiwa moja kwa moja ikageuzwa kuwa ya kukodishwa na serikali. Mwaka 1965 ilitungwa sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja huko Bukoba. Katika Tanganyika yote, nyarubanja ndiyo iliyokaribia zaidi milki za makabaila wa Ulaya, kwa kuwa mkulima alipanda migomba na mibuni katika ardhi ya bwana, akamlipa bwana mwaka hata mwaka, na watoto wake wakaurithi mzigo huo. Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, lililotamka wazi kwamba nchi ya ujamaa haina ubepari wala ukabaila, na lililowakataza viongozi kuishi kwa kodi za nyumba. Katika mwaka huohuo sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikachukuliwa na taifa.

Anayetaka kupima thamani ya hatua hizo na avuke mpaka wa Horohoro atazame pwani ya Kenya. Huko, sheria ya mwaka 1908 iliwapa hati watu walioweza kuthibitisha umiliki wao mbele ya serikali. Wajukuu wa watumwa waliokuwa wakizilima ardhi hizo, na Wamijikenda wengi, hawakuwa na karatasi. Wakaitwa maskwota katika mahali walipozaliwa, na suala lao limeisumbua nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 100. Hakuna mnyororo hapo, wala kipande. Kuna karatasi tu, na ardhi isiyotosha.

KINU NA KORONA

Je, basi, kazi imekwisha? La hasha.

Wapo wanaosema kwamba ukabaila hauwezekani Tanzania kwa sababu ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake, kama zinavyotamka Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999. Sheria hizo ni ngao njema. Lakini wenye hoja hiyo wakumbuke jambo moja. Baada ya mwaka 1066, ardhi yote ya Uingereza nayo ilihesabiwa kuwa ya mmoja, yaani mfalme, na mwaka 1086 iliandikwa katika daftari kubwa shamba kwa shamba. Jambo hilo halikumzuia kabaila kuwa kabaila. Mwenye ardhi kisheria alikuwa mbali. Aliyeishika alikuwa karibu, na mtwana alimwogopa yule wa karibu. Kwa hiyo swali si ardhi ni ya nani katika sheria peke yake. Swali ni nani anayeishika kwa niaba ya mwenyewe, na anajibu kwa nani.

Katika mkoa wa Tanga swali hili si la vitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Nyuzi za viwandani zikaua soko, uendeshaji ukalegea, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000. Mashamba ya shirika yakauzwa kwa watu binafsi mwaka 1998. Maelfu ya hekta yakaota vichaka, huku vijiji vinavyopakana nayo vikibanwa. Wakati huohuo watu wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 2 na ushei katika mkoa huu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 2.6. Ile hali ya ardhi tele iliyomlinda Msambaa mbele ya Mkilindi na mbele ya mlowezi inakwisha. Mkulima anayepanda mahindi katikati ya mkonge uliochakaa, kwa ridhaa ya mtu anayeweza kumwondoa wakati wowote, yu katika hali gani? Hakuna aliyemfunga, na bado hana pa kwenda.

Upo pia upande wa kinu. Tangu mwaka 1999 wakulima wadogo wamekuwa wakipewa sehemu za kulima mkonge ndani ya mashamba ya Korogwe. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa mjukuu wa manamba anapata shamba pale babu yake alipokuwa namba. Lakini jani la mkonge ni kama muwa wa Pangani: likikatwa halingoji. Lazima lifike kwenye korona upesi, litolewe singa kabla halijakauka. Mkulima mwenye hekta zake na asiye na sauti juu ya korona anafanana na yule wa Ulaya aliyekuwa na nafaka yake lakini akalazimika kuisaga katika kinu cha bwana. Mwenye korona ndiye atakayepanga bei ya kusindika, ndiye atakayesema zamu ni ya nani, na ndiye atakayefunga hesabu. Kwa sababu hiyo vyama vya ushirika vya wakulima wa mkonge haviwezi kukwepa suala la korona. Ugawaji wa ardhi usiofuatana na sauti katika kinu ni nusu ya ukombozi.

KABAILA WA OFISINI

Limebaki neno moja, nalo linawahusu watumishi wa umma kuliko wote.

Makabaila wa Ulaya walitoka wapi? Wengi hufikiri kwamba walizaliwa makabaila tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Katika karne ya 9 wengi wa wakubwa hao walikuwa watumishi wa dola. Walikuwa maofisa wa wilaya waliotumwa na mfalme kuhukumu, kukusanya kodi na kuongoza askari, na walipewa ardhi ili waweze kuifanya kazi hiyo. Dola ilipolegea, mtumishi aliacha kurudisha hesabu. Cheo akakifanya chake, ardhi ya cheo akaifanya yake, kisha akamrithisha mwanawe. Ndivyo ofisi ilivyogeuka kuwa ukoo, na mwananchi wa wilaya akageuka kuwa mtwana. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukabaila wa Ulaya uliundwa, sehemu kubwa, mezani kwa mtumishi wa umma.

Ndiyo sababu mambo yanayoonekana madogo katika ofisi za wilaya si madogo. Hati ya shamba lililotelekezwa inapofutwa, na ardhi kurudi kwa wananchi, jina la kwanza katika orodha ya kugawiwa ni la nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji imeuweka uamuzi wa kugawa ardhi ya kijiji mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Je, mkutano huitishwa kweli, au mihtasari huandikwa ofisini na wanakijiji wakaletewa waweke dole gumba? Mwanamke mjane anayelima konde la marehemu mumewe, jina lake linaandikwa, au anaambiwa asubiri shemeji zake? Afisa anayejiandikia hekta 50 katika wilaya aliyotumwa kuitumikia huenda asijue kwamba anafuata nyayo za yule ofisa wa karne ya 9. Lakini nyayo ni zile zile, na mwisho wa njia unajulikana.

Masharti ya Azimio la Arusha juu ya mali za viongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na nyakati zimebadilika. Hata hivyo hakuna kikao chochote kilichowahi kuamua kwamba mtumishi wa umma awe bwana wa wale anaowatumikia. Dhamana ya ardhi inabaki dhamana, na mwenye dhamana hudaiwa hesabu.

Kwa mwalimu, kazi ni nyepesi na ni tukufu. Aendelee kuichora pembetatu yake, maana wanafunzi wanastahili kujua mambo ya dunia. Lakini akimaliza, asifute ubao kabla hajaandika majina mawili pembeni: Kikogwe na Mazinde. Awaulize wanafunzi ni nani alikuwa na ufunguo wa ardhi mahali hapo mwaka 1873, mwaka 1907, mwaka 1958, na ni nani anao leo. Wawapo nyumbani wawaulize wazee wao, maana katika kaya nyingi za Muheza na Korogwe bado wapo waliozaliwa kambini.

Mtoto aliyejifunza historia kwa namna hiyo hatahitaji kuona ngome ili amtambue kabaila. Na afisa aliyefundishwa na mwalimu wa namna hiyo, siku atakapoketi mbele ya ramani ya shamba lililorudishwa kwa wananchi, atajua kwamba kalamu iliyo mkononi mwake inaweza kufungua ardhi au kumfunga mtu.